Viza ya mwenza: jinsi ya kuandaa faili litakalosomwa na mtu asiyewajua

Mlikutana lini? Swali hilo halikosekani kwenye fomu za viza ya mwenza, na ndilo lililotuponza. Mimi niliandika Machi. Mume wangu aliandika Novemba ya mwaka uliotangulia. Hakuna aliyedanganya: Novemba tulianza kuandikiana, Machi ndipo tulipoonana uso kwa uso. Lakini aliyekuwa na faili letu mezani angejuaje? Alichokiona ni watu wawili wanaosema wameoana na hawakubaliani hata juu ya siku waliyofahamiana. Tukaletewa barua ya kutakiwa maelezo, na safari ikasogea miezi minne.

Tangu hapo nimekaa na marafiki kadhaa kupanga mafaili yao, na kila mara narudi kwenye jambo lile lile: afisa wa viza hayaoni mapenzi yenu, anaona tarehe, majina na namba. Karatasi zote zikisimulia kisa kimoja, kazi yake ni nyepesi. Zikipishana, hata kidogo, anaanza kutafuta kwa nini.

Kabla ya kulipa chochote, jua mlango wako

Anza na hadhi ya mwenza wako katika nchi anayoishi. Raia na mkaazi wa kudumu hawana haki sawa kila mahali. Marekani, mke au mume wa raia hayumo kwenye mgao wa viza wa kila mwaka. Wa mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu, huingia foleni ya kundi la F2A, ambayo kuna nyakati hutembea na nyakati husimama. Wapo wanaosubiri mwenza apate uraia kwanza ndipo waombe. Mimi nisingesubiri, maana ombi lililokwisha kupokelewa hupanda daraja mdhamini, yaani mwenza aliyeko huko anayekuombea, akiwa raia.

Halafu tazama uhusiano wenu kisheria. Kanada, Australia na New Zealand zinawatambua wanaoishi pamoja bila ndoa, na kipimo cha kawaida ni miezi 12 ya kukaa nyumba moja. Marekani haina viza ya namna hiyo; ina ya wachumba, K-1, inayotaka muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya ombi, na mfunge ndoa ndani ya siku 90 tangu kuingia. Wengi huidhania njia ya mkato. Wanasahau kwamba baada ya ndoa kuna ombi jingine la ukaazi, lenye ada yake na kusubiri kwake.

Kama ndoa ilifungwa mmoja akiwa mbali, kwa wakili au kwa video, uliza mapema. Marekani haiitambui ndoa ya bibi na bwana ambao hawakuwa pamoja, isipokuwa wawe wamekutana kama mke na mume baada ya hapo. Na nchi nyingi zinazopokea wahamiaji zinamtambua mwenza mmoja tu, kwa hiyo ndoa ya awali ambayo haijavunjwa kisheria inaweza kulizika ombi zima.

Umri nao una mipaka: Uingereza wote wawili muwe na miaka 18, Uholanzi 21, na Denmark tangu 2002 kwa kawaida ni 24.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Tuseme mwenza wako ni Mjerumani. Akiwa anaishi Ujerumani, unaomba chini ya sheria ya Ujerumani, nayo kwa kawaida inataka ufike ukiwa na Kijerumani cha kiwango cha A1, kile cha anayeanza. Akiwa anaishi na kufanya kazi Uhispania, anatumia haki yake ya kuishi nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, na wewe unaingia chini ya agizo la Umoja namba 2004/38: viza ya kuingia hutolewa bure na inatakiwa kushughulikiwa haraka. Mtu ni yule yule, ndoa ni ile ile, na njia ni mbili tofauti kabisa. Soma kwanza, lipa baadaye.

Na usiende kwa viza ya utalii huku moyoni umeshahamia. Afisa wa mpakani akikuta vyeti vyako vya shule na cheti cha ndoa kwenye begi la mtalii wa wiki mbili, utarudishwa, na alama ya kurudishwa itaonekana kwenye kila ombi utakalofanya.

Mfuko wa mdhamini

Watu huanza na picha za harusi. Anzeni na mshahara, kwa sababu picha hazijawahi kuziba pengo la kipato.

Uingereza, tangu tarehe 11 Aprili 2024, maombi mapya yanataka kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa pauni 18,600. Asiye na kipato hicho anaweza kutumia akiba, ila akitegemea akiba peke yake inatakiwa pauni 88,500. Marekani, mdhamini husaini fomu I-864, ya kuahidi kumtunza mwenza, na kuonyesha kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa ukubwa wa kaya yake. Akipungukiwa, ndugu au rafiki mwenye sifa anaweza kuwa mdhamini wa pamoja. Kanada, kwa kawaida, haimwekei kiwango cha kipato anayemdhamini mke au mume, ila anaahidi kumtunza kwa miaka 3, na anayepokea msaada wa serikali kwa sababu isiyo ulemavu hawezi kudhamini.

Mwambie mdhamini asome anachosaini. Ahadi ya I-864 haifi kwa talaka. Nimeona mtu akisaini ukurasa wa mwisho jikoni akiwa amesimama, chai mkononi, kama anayepokea kifurushi.

Kwenye ushahidi wa mshahara, kosa kubwa ni namba zisizolingana. Chukua slipu ya mshahara ya mwezi mmoja na taarifa ya benki ya mwezi huo huo, zilaze mezani sambamba. Kiasi halisi kilichoandikwa chini ya slipu ndicho kilichoingia benki? Jina la mwajiri kwenye slipu ndilo lililo kwenye muamala? Tarehe zinakaribiana? Fanya hivyo kwa kila mwezi. Ukikuta mwezi ambao mshahara uliingia kwa mafungu mawili, au mwajiri analipa kwa jina la kampuni mama, omba barua fupi ya mwajiri inayoeleza hilo, uibane papo hapo nyuma ya slipu husika. Na kiasi kikubwa kilichotumbukia ghafla kwenye akaunti wiki mbili kabla ya ombi, bila maelezo, ni kama taa nyekundu. Kama ni mauzo ya gari, weka mkataba wa mauzo.

Jedwali la tarehe

Hapa ndipo ningekuomba utulie. Kabla ya kugusa fomu, kaeni wawili, hata kwa simu, mwandike jedwali moja. Safu ya kwanza tarehe, ya pili tukio, ya tatu karatasi inayolithibitisha. Kila fomu, kila barua na kila jibu la mahojiano litatoka humo.

“Mlianza lini” ina majibu manne: siku mliyowasiliana mara ya kwanza, siku mliyoonana, siku mlipokubaliana kuwa wapenzi, na siku mlipoamua kuishi pamoja kama wenza. Andikeni zote nne, kila moja na jina lake. Fomu ikiuliza kwa mkato, mnachagua inayolingana na maneno ya swali, kisha kwenye barua mnaeleza nyingine.

Msitegemee kumbukumbu. Fungueni pasipoti msome mihuri. Tafuteni barua pepe za tiketi. Rudini nyuma kwenye mazungumzo ya WhatsApp mpaka ujumbe wa kwanza. Sisi tulikuwa tumeapa kwamba ziara ya pili ilikuwa ya wiki tatu. Mihuri ikasema siku 16. Tungeandika wiki tatu, na afisa angekuwa na mihuri hiyo hiyo mkononi.

Pengo lolote la muda mrefu bila kuonana liingizwe kwenye jedwali pamoja na sababu yake: mgonjwa wa kuuguza, masomo, viza ya matembezi iliyokataliwa. Pengo lililoelezwa ni maisha ya kawaida. Lisiloelezwa huachiwa msomaji alijaze mwenyewe, na hatalijaza kwa kukupendelea.

Ushahidi wa uhusiano

Australia huyapima mahusiano kwa mambo manne: fedha, kaya, jamii inavyowaona, na dhamira yenu ya kudumu. Hata kama hamuendi huko, yatumieni kama masanduku manne ya kupangia. Mtagundua mara moja lipi limejaa na lipi tupu. Kwa walio mbali mbali, sanduku la kaya mara nyingi ni tupu, na si aibu. Jazeni mengine, kisha mseme wazi kwa nini hamjaishi pamoja.

Fedha si lazima iwe akaunti ya pamoja. Stakabadhi za kutumiana pesa, bima yenye jina la mwenza kama mrithi, tiketi iliyolipwa na mmoja kwa ajili ya mwingine, vyote vinahesabika. Dhamira inaonekana kwenye mipango: wosia, masomo ya lugha uliyoanza, nyumba mliyoitafuta.

Mazungumzo ya simu ndiyo yanayowapoteza watu. Mmeandikiana ujumbe elfu kumi na tano. Mtu anachapa kurasa 600 na kuzibeba kwenye mfuko. Hakuna atakayezisoma. Chagueni picha za skrini mbili au tatu kwa kila kipindi cha miezi mitatu, kuanzia mwanzo wa uhusiano hadi wiki ya kuomba, tarehe ikionekana juu. Msichague za “nakupenda” tupu. Ujumbe mzuri kuliko wote katika faili letu ulikuwa huu, kutoka kwake: “Umemuuliza fundi kuhusu lile bomba? Na dawa ya mama usisahau, zimebaki mbili.” Hakuna anayetunga ujumbe wa bomba ili kumdanganya afisa. Mambo ya kaya, ndugu, ugonjwa, pesa na ugomvi mdogo ulioisha vinaonyesha watu wanaoishi maisha mamoja hata wakiwa mbali.

Picha nazo, 20 hadi 30 zinatosha. Chini ya kila moja andika tarehe, mahali, na waliomo: “14 Agosti 2022, nyumbani kwa dada yake mkubwa, kutoka kushoto: mimi, mume wangu, shemeji na watoto wao wawili.” Picha zenye ndugu na marafiki zina uzito kuliko picha za wawili kwenye ufukwe. Nguo zile zile na mandhari yale yale katika picha 40 zinasema mlionana siku moja.

Barua za mashahidi ziandikwe na watu waliowaona pamoja, kila mtu kwa maneno yake. Barua tatu zenye sentensi zinazofanana ni mbaya kuliko kutokuwa na barua. Australia ina fomu yake ya mashahidi, namba 888.

Halafu barua zenu wenyewe, moja kila mmoja, kurasa mbili au tatu. Fuata jedwali. Andika kama unavyomsimulia mtu mzima asiyekujua, bila mashairi. Kama kuna jambo litakalomshtua msomaji (tofauti kubwa ya umri, ndoa ya haraka, lugha mnayoongea kwa shida, ndoa za awali), litaje wewe kwanza na ulieleze kwa aya moja. Wengi hulificha jambo hilo wakitumaini halitaonekana, na ndilo la kwanza kuonekana.

Vyeti, majina na muda wa kuisha

Andika jina lako kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, pasipoti, cheti cha ndoa na cheti cha shule, mstari chini ya mstari. Majina matatu hapa, mawili pale, herufi moja imezidi kule: kila tofauti inahitaji ama marekebisho kwenye mamlaka iliyotoa cheti, ama hati ya kiapo inayosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Marekebisho huchukua muda mrefu, kwa hiyo hili lianze siku ile ile mnayoamua kuomba.

Kama yeyote kati yenu aliwahi kuoa au kuolewa, kinatakiwa cheti cha talaka kilichokamilika au cheti cha kifo. Hukumu ya kwanza ya mahakama ambayo bado haijawa ya mwisho haitoshi.

Cheti kisicho katika lugha ya nchi unayoomba kitafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa, atakayeweka jina lake, saini na tarehe. Soma tafsiri hiyo mwenyewe, hasa tarehe na tahajia za majina. Baadhi ya nchi hutaka pia cheti kiwe na apostili, muhuri wa mkataba wa Hague wa 1961. Kama nchi yako haimo katika mkataba, cheti hupita wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi.

Ripoti ya polisi hutakiwa kutoka kila nchi uliyoishi kwa muda fulani. Kanada huhesabu miezi 6 mfululizo katika miaka 10 iliyopita. Australia, miezi 12 kwa jumla katika miaka 10. Ukiwa umeishi nchi tatu, omba zote tatu kwa pamoja. Vipimo vya afya fanya kwa daktari au kituo kilichoidhinishwa tu, na usiwahi mno: cheti cha kifua kikuu cha Uingereza kinadumu miezi 6.

Lugha: Uingereza inataka Kiingereza cha A1 kwa kuanzia, isipokuwa kwa wanaosamehewa. Uholanzi, tangu 2006, huwapa waombaji wengi mtihani wa kuzungumza, kusoma na kuijua jamii kabla hawajaondoka kwao. Hakikisha mtihani unaoufanya ndio unaokubaliwa na mamlaka ya viza. Cheti cha chuo kisicho kwenye orodha ni pesa iliyotupwa.

Kujaza na kutuma

Jaza kwenye karatasi kwanza, kisha mtandaoni. Swali la kama umewahi kukataliwa viza lina jibu moja: ukweli, hata kama ni viza ya utalii ya miaka 8 iliyopita ya nchi nyingine. Kukataliwa hakukuharibii sana. Kuficha ndiko kunakoharibu: Uingereza, udanganyifu katika ombi unaweza kukufungia mlango kwa miaka 10, na Marekani unaweza kukufungia maisha usipopata msamaha maalum.

Skani nyaraka kwa rangi, kurasa zote, hata za nyuma. Zipe mafaili majina yanayojieleza, mfano “03 Taarifa ya benki Januari hadi Juni”, na ukurasa wa kwanza uwe orodha ya yaliyomo. Mtu mwingine asiyewajua vizuri asome faili zima kabla ya kutuma. Akiuliza “huyu ni nani?” au “hapa mlikuwa wapi?”, mmepata pengo bado likiwa mikononi mwenu.

Wakala? Kama kesi yenu ina kukataliwa, kosa la jinai au kukaa kinyume cha sheria, tafuteni mwanasheria aliyesajiliwa katika nchi hiyo. Kama ni ya kawaida, mnaweza wenyewe. Anayekuahidi viza “uhakika asilimia mia” mkimbie, na usisaini fomu ambayo hujaisoma, kwa sababu uongo wake utakuwa na saini yako.

Mahojiano

Si kila nchi huwaita watu. Ukiitwa, soma tena barua yako na jedwali usiku uliotangulia, basi. Usikariri. Maswali huwa madogo: mwenza wako anafanya kazi zamu gani, ndugu zake ni wangapi, nani alilipia harusi, mara ya mwisho mligombana juu ya nini. Usichokijua sema hukijui. Mtu aliyeolewa anaweza kabisa kutojua jina la bosi wa mumewe, lakini akilitunga na mumewe akitaja jingine, kazi imeanza upya.

Baada ya kutuma, usinunue tiketi isiyorudishiwa pesa wala kuacha kazi. Taarifa zikibadilika, mimba, anwani, kazi mpya ya mdhamini, wajulishe. Wakikukatalia, isome barua ya kukataliwa kwa kalamu: kila sababu iandikie karatasi inayoijibu. Karatasi ikiwa ilikosekana tu, ombi jipya huwa jepesi kuliko rufaa. Kama waliipuuza karatasi waliyokuwa nayo, au walikosea sheria, kata rufaa, na hesabu siku za mwisho kuanzia tarehe iliyo kwenye barua.

Ukishafika

Viza ya kwanza kwa kawaida si ya kudumu. Uingereza, aliyeomba akiwa nje hupewa miezi 33, kisha huongeza, na hufikia ukaazi wa kudumu baada ya miaka 5. Marekani, ndoa ikiwa na chini ya miaka 2 siku unapopewa ukaazi, kadi ni ya masharti ya miaka 2, na fomu I-751, ya kuondoa masharti hayo, hupelekwa na wote wawili ndani ya siku 90 kabla haijaisha. Weka tarehe hiyo kwenye simu zenu zote mbili siku kadi inapofika.

Neno kwa atakayejikuta pabaya: Uingereza, Marekani, Australia na Kanada zote zina njia kwa mwenza anayepigwa au kunyanyaswa kuomba ukaazi bila mdhamini wake. Mtu akikwambia “ukiniacha utafukuzwa nchini”, usimwamini kabla hujaongea na mwanasheria au shirika la kusaidia waathirika. Pasipoti yako na nakala za faili zikae unapoweza kuzifikia wewe mwenyewe.

Faili la zamani usilitupe. Ombi la kuongeza muda litauliza tena mnaishi wapi na mnaendeshaje maisha, na safari hii hakuna kisingizio cha umbali. Wiki ya kwanza tu, jina lako liingie kwenye mkataba wa pango na angalau bili moja, na barua zozote zenye anwani hiyo, hata ya daktari wa meno, ziingie kwenye boksi moja. Sisi tulichelewa kufanya hivyo. Bili za mwaka mzima wa kwanza zilikuja kwa jina la mume wangu peke yake, na ikabidi tumwombe mwenye nyumba aandike barua kueleza kwamba yule mama anayemlalamikia kila mwezi kuhusu mlango wa ghorofa ya pili ni mimi.